Neno Lililopigwa Marufuku Nyumbani Kwetu

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba, kwa amri ya Mama, neno "funga" pamoja na watoto wake wote limepigwa marufuku katika nyumba hii. Amri ilianza siku mwanao aliporudi, na haikuwa na rufaa.

Nitaeleza. Kwanza salamu, maana Mama ameketi hapa karibu na atataka kujua kama nimekujulia hali. U mzima? Mgongo ule unaokusumbua ukisimama sana kazini umetulia? Sisi hatujambo. Mama ana magoti yake, wifi yako ana kikohozi anachokikana, nami nina tumbo ambalo fundi makochi yeyote angelionea fahari: limejaa vizuri na halina mshono uliolegea.

Binti yako Tarumbeta amefika salama. Nilimpokea mwenyewe langoni mwa shule ya marekebisho. Amerefuka, shingo yote ya baba yake. Lakini jina lake la utani sasa linamkaa kama gauni la kuazima. Unakumbuka tulimwita hivyo kwa sababu akilia kitandani, mtaa wa pili waliamka. Siku hizi anaongea kama mtu aliye msibani. Nguo zake anazikunja mraba kama vipande vya sabuni. Mtu akiingia chumbani, anasimama. Hata mwanangu wa darasa la pili akiingia anasimama, na yule mchokozi ameshaanza kumwambia, "Keti, binti."

Hapo ndipo Mama alipotoa amri. Alisema mtoto aliyefungwa hawezi kuja kulisikia neno hilo tena kwao. Sikubisha, unamjua. Lakini Dada, hutajua neno lile lina kazi ngapi mpaka ulifukuze. Mlango ukawa "unarudishwa". Kanga ikawa "inazungushwa". Shule zikienda likizo, "zimepumzika". Mwanangu alitoka uwanjani amejaa furaha, akamwangalia bibi yake, akajikwaa, akasema, "Leo nimelipeleka goli mahali pake." Redio ya mpira tuliizima kabisa, maana mtangazaji yule hana adabu. Kule Tarumbeta alikokuwa tukakuita "safarini", hata jirani mmoja akamwuliza ametuletea zawadi gani.

Naye Tarumbeta akaendelea kukunja nguo zake. Mimi nikadhani dawa inafanya kazi.

Sasa ile barua yako. Ulitaka tumlete kwako, mahali ambapo hakuna anayemjua, na ukaniagiza nimwulize mwenyewe. Nimekuwa nikiahirisha. Niliogopa atakubali, na kwamba atakubali kwa sababu tu ameulizwa. Ukimwuliza anataka chai au maji, anajibu ndiyo.

Nilianza kwenda naye karakana. Nimempa kazi ya kung'oa misumari kwenye makochi makuukuu. Inamfaa asiyetaka kuongea. Kochi linapiga kelele kwa niaba yake.

Alhamisi akaingia fundi simu wa njia panda. Ndiye ambaye Tarumbeta na wenzake walimvunjia dirisha, wakatoka na simu za wateja wake. Alikuwa amekumbatia kiti cha dukani, sponji imetoka nje kama ulimi. Hakujua binti yuko pale, nami sikupata nafasi ya kumkonyeza. Wakatazamana. Tarumbeta akasimama kama kawaida yake, nyundo mkononi, jambo ambalo halikusaidia. Yule bwana akarudi nyuma, akatafuta la kusema, na kati ya maneno yote ya lugha hii akachagua haya:

"Samahani, sikai. Nimeacha duka sijalifunga."

Mimi nikaanza kuchambua misumari.

"Kaa tu, mjomba," Tarumbeta akasema. "Leo mimi niko huku."

Maneno yalichelewa kidogo kumfikia. Kisha akacheka, akajitupa kwenye kochi ambalo halikuwa na sponji, akazama mpaka magoti yakakaribia masikio. Tulimvuta wawili, kila mtu na mkono wake. Akiwa bado anajipangusa vumbi, mwanao akamwomba msamaha, kwa maneno machache ambayo siyaandiki kwa sababu hayakuwa yangu. Fundi simu akajibu kwamba lile dirisha bado linamuuma, na kwamba kiti anakitaka Jumamosi. Nilimpenda kwa yote mawili.

Tukiwa njiani kurudi nikamfikishia swali lako. Hakujibu ndiyo.

"Mwambie mama nitakuja kumtembelea," alisema. "Kuhamishwa nimechoka. Na huko nitakuwa na siri ya kulinda. Hapa wameshanijua."

Nikamwuliza kama macho ya watu hayamsumbui. Akasema yanamsumbua, ila wanaomtisha zaidi ni sisi, tunaoongea kama watu waliomeza mwiba.

Jioni hiyo tulikuwa tunakula, mbu wanaingia, Mama akaagiza urudishwe. Mwanangu akaurudisha mwiko jikoni. Mama akasema si huo, ule. Wifi yako akamsogezea ufagio. Tarumbeta akaweka kijiko chini.

"Bibi, si useme tu funga mlango! Aliyefungwa ni mimi, na nimeshatoka!"

Sauti ile, Dada. Jirani aligonga ukuta. Mama akasema kama kelele zenyewe zimerudi basi atatafuta pamba ya masikio, akainuka kwenda kuchukua chumvi, akakaa huko jikoni muda ambao chumvi haiuhitaji. Alirudi macho mekundu, bila chumvi.

Kwa hiyo usimtumie nauli ya kuhama, mpigie simu. Usimsomee risala na usimwulize habari za safari. Mwulize kule alikofungwa kulikuwaje. Akinyamaza, nyamaza naye kidogo, usikate. Sisemi kwamba yote yamekwisha. Bado anasimama mtu akiingia. Ila jana nilipoingia mimi, aliinuka nusu, akajistukia, akakaa.

Msalimie shemeji, na yule mwenzako wa kazini anayekuchekesha. Mama anakusalimu sana, wifi yako pia, katikati ya kikohozi ambacho hana. Mwanangu anataka ujue kwamba juzi alifunga mabao mawili, na anashukuru kuweza kulisema. Mungu akushike mkono huko uliko, akupe kazi nyepesi na usingizi mzito.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, fundi makochi.

Nilisahau: baada ya kula niliinuka kwenda kuufunga ule mlango. Umevimba kwa mvua. Haufungiki.