Usisugue Miguu

Manzese, Dar es Salaam
15 Februari 1975

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na majirani zako wa kijiji kipya. Mimi sijambo, isipokuwa mguu.

Jumatano ya Majivu nilipakwa majivu asubuhi, nikaenda kuchonga. Mchana tezo iliteleza ikanikata mguu wa kushoto, ule ninaoshikia gogo. Zahanati wamenifunga kidonda, usiwe na wasiwasi. Kinachoniumiza ni kingine. Mama Felicitas wa kwaya aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba mtu anayechonga vinyago vya mashetani vya kuwauzia Wazungu hawezi kumtukuza Mungu. Siku ile nilicheka. Sasa sicheki. Kukatwa siku ya majivu, Mama, si jibu hilo?

Jirani yangu Mwinjuma amenipatia kazi ya ulinzi kiwandani Mikocheni, nianze baada ya Pasaka. Tezo ya marehemu Baba nimeiweka kwenye gunia, nitakurudishia.

Mwanao,
Marselino

Newala
26 Februari 1975

Kwa Marselino,

Tumsifu Yesu Kristo. Ninayeandika ni Katekista Albano, kwa maneno ya mama yako, kama siku zote. Yeye ni mzima na mvua zinanyesha vizuri.

Mama yako anasema usali, na usiamue jambo kubwa ukiwa na kidonda. Hapo aliongeza maneno kuhusu tezo na kuhusu huyo mama wa kwaya, ambayo nimeona si ya kuandikwa wakati wa Kwaresima. Kisha akalia kidogo, akaniambia nifunge barua.

Kwa niaba ya mama yako, Rosalia,
Albano, Katekista

Manzese
8 Machi 1975

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unapona, nakanyaga bila fimbo. Hujambo kifua? Nakuomba usilime kwenye mvua.

Nina habari. Padre amenichagua niwe miongoni mwa wale kumi na wawili wa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu. Nilitamani ardhi inimeze. Unaijua miguu ya mchongaji, Mama. Imeingia vumbi la mpingo na rangi ya kiwi tunayong'arishia vinyago, visigino vimepasuka, na sasa kuna hili kovu. Kila jioni naisugua kwa jiwe na majivu, nimejaribu mpaka mafuta ya taa. Ngozi inatoka, weusi unabaki. Wenzangu nao wanajisugua. Mwalimu Wilbert kanunua soksi mpya kabisa.

Nimemwambia Padre nitamjibu siku yenyewe. Nadhani nitakataa. Nikishakuwa mlinzi, nitavaa viatu kutwa, labda mwakani nitafaa.

Katekista aliacha maneno gani?

Mwanao,
Marselino

Newala
19 Machi 1975

Mwanangu Marselino,

Marahaba. Mimi mzima. Kifua kimetulia.

Hii naandika mwenyewe. Kisomo cha watu wazima tumefika kwenye barua. Mwalimu Demetria amesema tumwandikie mtu tunayempenda. Herufi zangu ni kubwa, vumilia.

Albano aliacha haya. Mungu hapigi watu kwa tezo. Ulisinzia. Ulifunga tangu asubuhi, ukakaa juani na chuma kikali mkononi. Baba yako naye alisinzia Kwaresima moja akajikata kidole, na hakusema Mungu amemjibu. Alisema ana njaa. Na huyo Mama Felicitas msalimu sana. Muulize mwiko anaosongea ugali kachonga nani. Hayo mashetani ni hadithi za bibi zako. Tulikuwa tunayacheka. Hakuna aliyeyasujudia.

Mimi sijui mahubiri. Najua siku ni ndefu na kanisani tunakaa kidogo. Kama Mungu hatukuzwi na hiyo kazi ya kutwa nzima, basi sie tunampa makombo.

Hili sikuweza kumwambia Albano aandike. Baba yako alipougua nilikuwa namwosha miguu kila jioni. Ilikuwa kama yako, nyeusi, na sugu pale gogo linapokaa. Nami nilisugua, nikitaka aende safi. Akaniambia, mama Marselino, acha, hiyo ndiyo iliyokulisha. Nikaacha. Amekwenda nayo hivyo hivyo mbele ya Mungu, na sijasikia kwamba amerudishwa.

Ukiacha tezo kwa kuwa umechoka, acha, sitakulaumu. Usiiache kwa kuionea aibu miguu ya baba yako.

Usisugue miguu. Ukiimaliza wewe, Padre ataosha nini?

Nampa jirani yetu Sadallah barua hii, anapanda meli Mtwara kuja huko.

Mama yako,
Rosalia

Manzese
Jumapili ya Pasaka, 30 Machi 1975

Mama yangu,

Shikamoo. Bwana amefufuka, nami ni mzima.

Sadallah alinikuta uani mchana wa Alhamisi, jiwe mkononi. Nikasoma nimesimama. Zile herufi zako, Mama, nimezisoma mara nyingi kuliko maneno yenyewe. Jiwe nililitupa nyuma ya choo.

Jioni tulikaa kwenye benchi, miguu ya wenzangu inang'aa mafuta. Padre alipofika kwangu alimimina maji, yakatoka meusi kwenye beseni. Akapitisha kidole gumba juu ya kovu, akauliza taratibu, "Ndio huu unaoshikia gogo?" Nikasema ndio, Padre. Akainama akaubusu. Nililia, mbele ya kwaya nzima.

Salamu zako kwa Mama Felicitas nilizifikisha, lile swali la mwiko nikaliacha. Jana kaja mwenyewe na mwiko uliovunjika, anaomba nimchongee mwingine. Kazi ya ulinzi nimemwambia Mwinjuma ampe mpwa wake. Tezo nimeitoa kwenye gunia.

Mvua zikiisha na barabara ya Rufiji ikipitika, nakuja nyumbani. Wewe umemwosha Baba, na mimi uliniosha utotoni. Miguu yako nani ameiosha? Nitakuja na beseni. Lakini nakujua: ukisikia gari limefika utakimbilia kisimani na jiwe.

Usisugue, Mama. Niachie mie.

Mwanao,
Marselino