Gia ya Tatu Iliwekwa na Vidole Vyako

Dada yangu Kagendo,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele za watu. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hivyo ukiona herufi zinasukumana usishtuke. Darasa la sita lakini mikono ya injinia. Haya, usicheke, hata huko uliko.

Unakumbuka ile gari ndogo nyekundu ya viti viwili, isiyo na paa, marehemu bwana yako aliyoinunua kwa mkulima mzungu kule Timau? Kuku walitaga ndani yake miaka mingapi! Na gia ya tatu ilikuwa inaingia inatoka, mpaka uishikilie na mkono kama mbuzi wa sokoni. Makena wako alipopata mchumba, ulisema neno moja tu: "Nataka msichana wangu aende kanisani na gari ya baba yake." Wakati huo macho yako yalikuwa yameshafunikwa na ukungu, hata kikombe ulikitafuta kwa kupapasa. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Nani alijitokeza? Mimi. Nikakueleza vile nilibadilisha giaboksi ya pikapu ya miraa ikiteremka kwenda Embu, bila kusimama, maanake miraa haingoji mtu. Ukaniuliza, "Na wewe Kinoti ulikuwa umelala chini ya gari ama chini ya uongo?"

Jumatatu, Juma mchinjaji wa Makutano akaleta mnyororo wake wa kuinulia ng'ombe, tukaishusha giaboksi, nikaifungulia kwenye veranda yako pale Githongo. Juma akasema, "Weka alama, bwana. Hata mimi nikichinja najua mguu umetoka wapi." Nikamjibu alama ni za wanafunzi, mimi kila kitu kiko kichwani. Nikamwaga gia, pete, beringi na shafti zote katika karai moja la mafuta ya taa.

Jumanne asubuhi nikaangalia karai, karai likaniangalia. Kichwani hakukuwa na kitu. Nikavaa koti, nikakuambia naenda Embu kutafuta spea.

"Spea gani?"

"Ya... hii ya ndani."

"Kinoti, ukienda hutarudi mpaka harusi ipite. Kwani sikujui? Toa koti. Niletee wavu wa kuanikia kahawa."

Dada, miaka yote ile ulichambua kahawa kwenye kiwanda, na mimi nilifikiri ni kazi ya kupitisha siku. Nilipanga vile vyuma juu ya wavu, ukaanza kuvipapasa kimoja kimoja. Gia zilizosagana muda mrefu, kovu la moja linafuata kovu la mwenzake. "Hizi mbili zimezoeana," ukasema, ukiziweka pamoja. "Huyu na huyu hawajuani, tenganisha." Mpaka chai ikapoa, nikaichemsha tena, ikapoa.

Ukafika kwa zile pete za shaba, zinazotuliza gia kabla haijaingia. Ukapitisha kidole gumba, ukarudia, halafu moja ukaitupa kando vile ulivyokuwa ukitupa kahawa mbovu, ile mliyoita mbuni. "Hii ni mbuni. Meno yake yamelala." Mimi mwenye macho mawili sikuona kitu mpaka nilipoipeleka juani.

"Sasa vaa koti uende Embu," ukaniambia. "Sasa unajua unachotafuta."

Niliipata pete nzima kwa mzee mmoja wa vyuma vikuukuu, nikarudi siku ile ile, na sikupitia mahali. Ukawa unanipa vyuma kutoka kwa wavu kwa mpangilio wako, mimi nafunga. Ijumaa tukaijaribu gari kwenye mteremko wa Githongo, mkono wako juu ya gia ya tatu. Haikutoka. Ukasema, "Hivi ndivyo ilikuwa ikilia baba Makena akirudi nyumbani."

Jumamosi Makena alifika kanisani kama malkia. Kwenye karamu wakauliza nani aliitengeneza. Nikashika maikrofoni: "Mimi peke yangu! Na macho nimefunga!" Macho nimefunga, dada. Hata hilo nilikuibia. Wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mwaka jana ulituacha, na hukuwahi kuniaibisha hata kwa utani.

Asante kwa makofi yale. Lakini yamenichoma.

Wiki iliyopita vijana walizunguka gari pale Makutano, wakaniuliza fundi ni nani. Nikawaambia ukweli: dada yangu, hakuwa anaona, alitumia vidole. Wakacheka mpaka mmoja akashikilia mlango. "Ai, Anko Kinoti! Hiyo sasa umezidisha!" Ile ya pikapu ya miraa waliiamini, dada. Hii yako wamekataa.

Sasa pete yako ya mbuni nimeifunga kwa kamba kwenye kioo cha gari. Anayecheka namwambia afumbe macho, aishike pamoja na pete nzuri, anionyeshe mbovu ni ipi. Mpaka leo hakuna aliyeweza. Mimi pia nimejaribu. Nimeshindwa.

Pumzika, dada. Gia ya tatu haijatoka tena.

Ni mimi mdogo wako, na fundi wako msaidizi,
Kinoti