Bandari Aliyoichagua Kalisti

Jumapili, 10 Novemba 2019

Baada ya ibada tulikula kwa Yasinta, binti wa dada yangu, hapa hapa Cedar Hill, kando ya Dallas, mtaa wa nyuma ya kwangu. Ndizi nyama. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda. Nikawasimulia nilivyoishusha foklifti ghalani kwa mkono mmoja, breki zimekufa. Rogers, mume wa Yasinta, akacheka. Acheke. Yeye anashinda amekaa ofisini Plano, hajui chuma.

Mtoto wao alianza kulia tangu sala ya chakula. Kila alasiri hivyo hivyo. Daktari kampima, hana kitu. Dada yangu Prudensia, aliyekuja kutoka Moshi kulea mjukuu, amesema kwetu mtoto akilia namna hii unaangaliwa upande wa jina.

Na jina nililileta mimi. Mtoto anaitwa Kalisti. Wamempa jina la rafiki yangu wa melini, yule aliyekufa baharini akiniokoa.

"Mtu hakuzikwa, hakuombewa," dada akasema. "Mmemwita jina lake kila siku, halafu mmemwacha kwenye maji. Angenyamazaje?"

Kwa hiyo lazima sala ifanyike baharini. Rogers ana likizo Januari. Akasema basi twende kruzi, ile safari ya meli ya starehe, familia nzima, tuombe na tupumzike humo humo. Wote wakafurahi. Halafu wakanigeukia.

"Mjomba, baharia ni wewe. Tuchagulie bandari."

Nikasema niachieni mimi.

Nilipompakata mtoto alinyamaza. Alinitazama kama mtu tuliyeachana naye stendi zamani. Kanisani wanabishana amefanana na nani, wa kwao Rogers wanavuta kwao, sisi tunavuta kwetu. Mimi naona hajafanana na mtu.

Jumanne, 12 Novemba

Niandike hapa, maana hapa hakuna wa kubishana nami.

Bahari naijua. Nilibeba magunia kwenye gati la Tanga nikiwa kijana, meli nimezigusa ubavuni kwa kiganja hiki. Kupanda ndiyo sikupanda. Darasa la saba, mgongo wa chuma, nani angenipa meli?

Lakini Kalisti ni kazi yangu. Nilimtunga kwenye harusi moja Irving. MC amechelewa, watu wanatafuta funguo za magari, nikashika maiki. Dhoruba. Kamba imeninasa mguu. Kalisti anaikata, ananitupa ndani ya boti ya kuokolea, boti imejaa. Anabaki kwenye meli inayozama, anatuambia, "Tangulieni. Mimi nitakuja na inayofuata." Basi! Bibi harusi alilia mpaka wanja ukafika kidevuni. Tangu siku hiyo, kuanzia Denton mpaka Alief, hakuna sherehe ya Watanzania nisiyoombwa Kalisti. Nimetunga nyingi. Hii ndiyo baba yao.

Cha ajabu ni kwamba jina sikulitafuta. Nilipofungua mdomo lilikuwa limeshakaa humo.

Na kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu hadithi ilikuwa ndefu tayari. Sikio lake la kushoto limekunjika kwa juu, kama kona ya ukurasa. Kila nikisimulia nakuwa nimesimama nyuma yake, naliona sikio. Uso sijawahi kumpa.

Jumamosi, 16 Novemba

Kikao cha bandari, sebuleni kwa Yasinta. Rogers na kompyuta yake mapajani.

Galveston: unaendesha gari tu, tunalala kwa mdogo wangu Ndeshi, Stafford, asubuhi tuko bandarini. New Orleans: mwendo mrefu zaidi. Miami: ndege, na mtoto anayelia ndani ya ndege! Wote Galveston. Hata mimi nilikuwa Galveston.

Mtoto alikuwa analia kama kawaida. Rogers akatuonyesha picha. Miami, mtoto analia. New Orleans, analia. Galveston — kimya. Akajinyoosha kutoka mkononi kwa mama yake, akaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta, mahali palipo na gati. Pale tu. Rogers akabadilisha picha, kilio. Akairudisha, kimya.

"Ona, ameshachagua," dada akasema, anacheka.

Mimi jasho lilinitoka na kiyoyozi kinaunguruma. Nikasema Galveston hapana. Nikawaambia Januari pale ukungu unafunga mlango wa bandari, meli inabaki nje kama kipofu. Hili ni kweli, madereva wa malori wanaokuja ghalani hutuambia. Nikaongeza yangu: New Orleans meli inaanza na mto, inazoea maji polepole, baharia yeyote mwenye akili huanzia mtoni.

"Edson, una hakika?" dada akauliza.

"Dada, bahari unanifundisha wewe wa migombani?"

Wakacheka, wakakubali. Tukampigia Gichuki, yule Mkenya wa Plano anayeuza safari. "Sawa Kapteni, New Orleans. Hiyo nime-book, relax."

Nimeshinda. Sijui nimeshinda nini.

Alhamisi, 28 Novemba

Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani, Stafford, kwa Ndeshi. Natafuta pa kuanzia.

Ndeshi ana duka, anauza unga wa sembe, vitenge, dagaa. Tulikuwa tumekaa na bata mzinga wake aliyekauka. Akasema, "Kaka, nilikuwa nakungoja ufike nikwambie ana kwa ana. Kalisti wako hakufa."

Nikacheka. Nikafikiri ananitania mbele ya watu.

Akasema mtu aliingia dukani juzi mchana. Kiswahili cha Tanga, taratibu, kama hana haraka na siku. Akamuuliza yeye ni ndugu yake Edson wa gatini? Akajitaja, naitwa Kalisti. Akasema yuko Galveston, anafanya kazi kwenye maji. Amesikia tunasafiri. Na kwamba New Orleans yeye hafiki.

"Alijuaje New Orleans?" nikauliza.

"Nilidhani wewe ulimwambia."

Dada alishaanza kupiga vigelegele kwa chini. Yasinta machozi. Mtu yu hai! Si sala tena, ni shukrani. Nikawaambia kwa utulivu, huyo ni tapeli. Hadithi yangu imesimuliwa kila ukumbi wa Texas, mtu yeyote anaweza kuiokota. Nilijisifu kwa kusema hivyo, na kwa dakika moja nilijiamini. Nikamwambia Ndeshi, haya, hebu nieleze, mtu mwenyewe yukoje?

"Mrefu. Shati limelowa mabegani, na nje hakukuwa na mvua. Ananuka kamba mbichi, zile za kufungia meli." Akashika sikio lake la kushoto. "Na hili limekunjika hivi juu. Kama daftari la mtoto."

"Uso?"

Ndeshi akaweka uma mezani. Akatazama sahani yake.

"Kaka, si nilizungumza naye muda mrefu. Mpaka maji ya kunywa nilimpa." Akafikiri. "Sikio nalikumbuka."

Sijala tena. Wakasema Mjomba kashikwa na furaha.

Ijumaa, 29 Novemba

Tuko njiani kurudi Dallas. Naandika kwenye kiti cha nyuma.

Dada alimpigia Gichuki kabla hatujatoka Stafford. Tumerudishwa Galveston, Jumamosi ya tarehe kumi na nane Januari. Nimepigana nao tangu Conroe. Nimesema ukungu, nimesema mafuriko, nimesema nilishaota vibaya. Rogers akanitazama kwenye kioo cha ndani.

"Mjomba, kwa heshima. Mtu kafa kwa ajili yako, amekuwa hai, na wewe unamkimbia?"

Ningejibu nini? Kwamba hayupo? Ndeshi kampa maji ya kunywa.

Dada anasema tutamkabidhi mtoto kule gatini, amshike, ambariki, maana mwenye jina akimshika wa jina lake kilio kinakwisha. Ndivyo kwetu. Mwenye jina lazima amshike.

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Si kwa ajili yangu. Mtu niliyemtunga anakuja kumpokea mtoto aliye na nyama na damu.

Jumatano, 11 Desemba

Mtoto hajalia tangu Stafford. Hata mara moja. Yasinta analala, amenenepa mashavu. Kila mtu ananishukuru mimi.

Jioni alikuwa ubavuni kwangu kwenye kochi. Nilimgeuza nimfute udenda. Sikio la kushoto, kwa juu, limelala. Nikalinyoosha kwa kidole. Likalala tena.

"Anapenda kulalia upande huo," Yasinta akasema.

Labda.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Pilau. Wameniomba hadithi. Nimesema sauti imenikauka. Hawajawahi kuniona nikikataa maiki, dada akanigusa paji la uso kuangalia homa.

Akaisimulia Rogers badala yangu. Aliisimulia vizuri, mshenzi. Alipofika kwenye "mimi nitakuja na inayofuata," mtoto akacheka. Kicheko cha tumboni, cha mtu mzima anayesikia maneno yake mwenyewe yakirudiwa.

Wote walifurahi sana.

Ijumaa, 17 Januari 2020

Stafford, kwa Ndeshi. Ukungu ulianza kabla ya Huntsville. Lile sanamu kubwa jeupe la mtu, la kando ya barabara, tuliliona miguu na fimbo tu, kifua kwenda juu hakuna. Mtoto aligeuza shingo kulifuata mpaka likapotea.

Ndeshi anasema Kalisti alipita tena leo mchana. Hana simu. Ameagiza tusihangaike kumtafuta, atatufuata mwenyewe kwenye maegesho ya magari ya bandarini. Aliuliza, mtoto hajambo? Analia bado?

"Uso, Ndeshi. Ulimtazama safari hii?"

"Nilijikaza nimtazame, Kaka." Akasugua mikono kwenye aproni. "Nilikuwa namtazama kabisa."

Akaingia jikoni kabla sijauliza tena.

Nimeamua kitu. Sikiandiki, nisije nikajisifia kabla.

Jumamosi, 18 Januari

Galveston. Niko ndani ya gari la Rogers, maegesho ya bandarini. Saa za mchana lakini taa zote zimewashwa. Ukungu umelala juu ya boneti kama blanketi. Meli haijaingia. Kijana wa bandari mwenye kizibao cha manjano alituambia rubani wa bandari hawezi kuileta mpaka kutakapofunguka, iko hapo nje tu. Kweli ipo. Inapiga honi, ndefu, halafu inasubiri, kama inayemwita amechelewa kujibu.

Niliposema Galveston ina ukungu nilisema kweli. Hakuna aliyekumbuka kunisifu.

Nilichofanya ni hiki. Tulipofika mlango wa jengo la abiria niliwaambia shukeni wote na mabegi na mtoto, foleni ndani ni ndefu, gari nitaegesha mimi. Dada akakataa. Na Kalisti je? Anatungoja huko huko maegesho, na mtoto ndiye anayetakiwa kushikwa!

Nikasema nitamleta ndani mwenyewe. Mtoto asipigwe na baridi hii.

"Basi tukungoje hapa mlangoni," Yasinta akasema.

Mtoto alikuwa ameshaanza kulia. Kilio kile cha zamani, mwili mzima, amenyoosha mikono upande wa maegesho. Yasinta akasita, akataka kunipa. Kidogo tu ampitishe dirishani. Rogers mkono wake ulikuwa mlangoni, anaufungua tena.

Nikafunga kioo. Nikawaambia kwa sauti ya maiki, "Tangulieni. Mimi nitakuja na inayofuata."

Nilimaanisha foleni. Nadhani nilimaanisha foleni. Mtoto alinyamaza kama redio iliyochomolewa. Dada akashika mdomo. Nikaondoa gari kabla hajauliza.

Hiki nimefanya kweli. Cha kwanza. Dhoruba haipo, kamba haipo, na hakuna harusi nitakayokisimulia.

Simu inalia, Yasinta. Nimepokea. Wamepita ukaguzi, wako ndani, wamekaa. Mtoto amelala. Sikio je? nikamuuliza. "Sikio gani, Mjomba?" Nikamwambia liangalie tu, la kushoto. Nikasikia akimgeuza. Akasema liko sawa, limesimama, kwani vipi? Nikasema vizuri. Akasema fanya haraka Mjomba, wanasema meli imeanza kusogea. Nikasema nakuja.

Nimejitazama kwenye kioo cha gari. Nimegeuza kichwa kulia ili nilione langu la kushoto. Sitaandika lilivyokaa.

Magari yaliyonizunguka hayana watu. Harufu imeingia kwa matundu ya hewa, kamba mbichi, ya gatini Tanga, ninaijua kama jasho langu. Honi imenyamaza. Kuna mtu anakuja kati ya mistari ya magari, hana haraka. Miguu imetangulia kutoka kwenye ukungu. Amevaa buti. Sasa mkono, ameunyanyua, ananisalimia kama watu wanaojuana. Shati, mabega yamelowa. Sikio.

Anazidi kusogea, na ukungu usoni kwake unafunguka