Jina Langu Kinywani mwa Chebet

Jumanne, 4 Agosti
Nimefuma sweta nane za shule leo, zote za kijani. Kola ya mwisho nimeifumua mara tatu. Mikono imekataa kazi tangu Odhiambo, niliyesoma naye, atuingize kwenye grupu la simu. Darasa la saba, shule ya kambi ya wachuma chai, miaka thelathini na tano baadaye. Jumamosi tunakutana kule kule, katikati ya majani chai aliyochuma mama hadi vidole vikawa vyeusi. Nilidhani nitafurahi. Nina hasira tu, sijui na nani.

Jumatano, 5 Agosti
Najua na nani. Na mimi mwenyewe.

Chebet yumo kwenye grupu. Anafuga ng'ombe Ndanai. Tulikaa dawati moja miaka sita. Siku ya wazazi alisimama kusoma shairi kuhusu babu yake, na ulimi wake wa Kikipsigis ukageuza kila b kuwa p. Nami, kutoka mstari wa mbele, nikamwigiza kwa sauti: papu, papu, papu. Watu walicheka hadi machozi, wazazi kwa walimu. Aliketi bila kumaliza. Kesho yake akahama dawati. Hakusoma tena mbele ya watu na mimi sikuomba msamaha. Nilikuwa mtoto mchokozi, napenda kuchekesha watu. Nina miaka arobaini na minane na bado namwonea haya yule mtoto niliyekuwa.

Ijumaa, 7 Agosti
Odhiambo amepata rejista yetu ya zamani. Akapendekeza tuitwe majina Jumamosi, niisome mimi, eti nina sauti. Chebet, ambaye hajaandika neno wiki nzima, akaandika: "Nitasoma mimi."

Basi. Anataka nikae chini nimsikilize. Nimeunguza ugali. Nimemwambia mume wangu siendi. Akaendelea kula.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimeenda. Tulikuwa kumi na mmoja, vipara na miwani. Nilimfuata Chebet kwenye bomba la maji nikamwomba msamaha. Vibaya, maneno yakigongana. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Hiyo maneno tumalize leo," alisema. "Nitasoma vile ulimi yangu inasoma, na wewe utaitika."

Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Kwa waliofariki alitulia kidogo. Alipofika kwangu, Bosibori, aliinua macho.

"Posipori."

Hakuna aliyecheka. Nilisimama wima kama zamani.

"Niko, mwalimu."

Akaweka tiki, akaendelea na jina lililofuata.

Jumapili, 9 Agosti
Mvua tangu mchana. Sijagusa mashine. Chebet amepiga simu: maziwa, ndama, magoti yake. Mara tatu ameniita Posi. Ndivyo alivyoniita dawatini, miaka yote kabla ya siku ile. Nilikuwa nimelisahau hilo jina kabisa. Chai imepoa, acha nikaipashe.