Mkwe Haulizwi

Hässelby, Stockholm
4 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, maana habari niliyo nayo si ya kuisema mtu akiwa amesimama.

Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Ile dawa ya kuchua niliyomtuma Theresia akuletee, uliipaka, au umeifungia kabatini ikae na sahani za wageni? Nakujua. Na mnyauko wa migomba umepita, au bado mnakata? Sisi huku miili ni mizima. Daisy amerefuka, ananifika begani. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, mpaka nimkazie macho ndipo anakumbuka kwamba ana bibi Bukoba. Baridi imeingia, na saa tisa alasiri tayari tunawasha taa.

Kwenye simu hunisikii vizuri, ndiyo sababu naandika. Damas, mdogo wangu, wewe ndiye msomaji. Soma yote, polepole. Usiruke mahali ukidhani unamwonea mama huruma.

Mama, mgahawa wetu unakufa. Na aliyeuua, nikitafuta sana, namwona mwanao.

Unajua Rafael ni Mmarekani wa Teksasi mwenye asili ya Meksiko, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza mgahawa huu ulikotoka. Bibi yake, Eulalia, alikuwa akiuza chakula dirishani mwa nyumba yake kule San Antonio. Wachuma pamba na mafundi wa reli walipanga foleni kwa ajili ya kitu kimoja tu, mchuzi mzito, mwekundu unaokaribia weusi, wa pilipili kavu na ufuta na kipande cha chokoleti. Usicheke, hata mimi nilicheka kabla sijaonja. Eulalia akamwachia binti yake Consuelo, ndiye mama mkwe wangu. Rafael alipokuja huku kusoma na kubaki, Bi Consuelo alifiwa na mumewe akamfuata mwanawe huku, na sandukuni mwake badala ya nguo za baridi mlijaa pilipili. Ndivyo mgahawa ulivyozaliwa. Jina la Eulalia liko mlangoni, picha yake iko ukutani. Watu wanatoka hata Fisksätra, upande wa pili wa jiji, wanabadilisha treni na baridi hii, wala hawaji kwa kuku au mikate ya mahindi. Wanakuja kwa mchuzi.

Sasa mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, Bi Consuelo akaanza kupotea. Siku moja alitoka kwenda dukani hapa jirani, akakutwa Akalla, mwisho kabisa wa njia nyingine ya treni, amekaa kwenye benchi akimngoja marehemu mumewe. Tukajipa moyo kwamba ni uchovu. Kisha asubuhi moja alisimama mbele ya sufuria yake, mwiko mkononi, akatutazama mimi na Urbain, yule Mkongo tuliyemwajiri atusaidie kupika, akatuuliza kwa upole ni nani anayepika hapa. Urbain, ambaye mdomo wake haujui likizo, siku hiyo alizima jiko tu. Daktari akatuambia ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba kilichokwenda hakirudi.

Friza ilikuwa na ndoo za mchuzi alioupika akiwa mzima. Tukawa tunazitoa moja moja, kwa uchoyo, huku Rafael akipiga simu Teksasi kwa shangazi na binamu. Wote walimjibu kwamba aliyepewa ni Consuelo, wao hawajui. Akajaribu kuupika mwenyewe. Urbain akaonja, akasema ni mzuri sana kwa kupaka ukuta. Nikajaribu mimi, nikaharibu zaidi. Wateja wakaanza kuacha sahani nusu. Na Waswidi hawalalamiki, mama. Wanakushukuru vizuri, wanavaa makoti yao, basi, huwaoni tena.

Ilipobaki ndoo moja Rafael alinigeukia. Hajawahi kunipandishia sauti tangu anioe, lakini siku ile alinipandishia. Aliniuliza inawezekanaje nikae na mama yake jiko moja miaka tisa, halafu nimwambie sijui mchuzi unavyopikwa. Nami hasira zikanipanda, nikamjibu kwamba kwetu mkwe haulizwi!

Ndiyo, mama, nilimtolea maneno yako, yale uliyonipa siku ya kuniaga. Mkwe haulizwi, mkwe hutazamwa. Usitie mkono wala mdomo katika chungu chake mpaka akuite. Na anapokoleza, toka nje, kwa sababu mkamwana anayekodolea macho chungu cha mkwe anamhesabia siku za kufa. Nikamweleza Rafael kwamba nilishika kila neno. Mchuzi ulipikwa Jumatatu, siku tunayofunga, na kila Jumatatu Bi Consuelo aliniita nikamsaidie. Nilimenya, niliosha, nilisaga. Lakini alipoanza kushusha makopo yake ya viungo, mimi mwenye adabu zangu nilikumbuka taka hazijatolewa. Nilisimama uani na baridi yote ile, nikihesabu kwamba sasa amemaliza, sasa naweza kuingia. Nilikuwa najivunia, mama. Nilijua anaona kwamba nimelelewa.

Rafael alikaa juu ya kreti la bia, akashika kichwa. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwao mtu hafundishwi chungu cha familia mpaka aombe kwa mdomo wake. Eulalia alimwacha Consuelo aoshe vyombo hadi akawa mwanamke mzima, mpaka siku aliposimama akasema, mama, nifundishe. Kwa hiyo Bi Consuelo alikuwa akiningoja mimi. Ndiyo maana ya kuniita kila Jumatatu. Alikuwa akishusha makopo yake polepole, moja moja, akiyapanga mbele yangu ili niulize, nami nabeba taka natoka! Alikuwa akimuuliza mwanawe kama mkewe ana kinyaa na chakula chao, kama anakiona ni chakula cha watu wasio na asili. Rafael alitaka kuniambia, mama yake akamkataza, akisema ombi la kukumbushwa si ombi. Rafael akamtii, akidhani muda upo.

Nililia. Mwanamke yule aliniona namdharau, na mimi kila Jumatatu nilikuwa namheshimu kwa nguvu zangu zote.

Juzi Jumatatu ikawa Siku ya Marehemu. Wao wanaiadhimisha kama sisi, ila wao huwapikia marehemu wao, na sahani huwekwa chini ya picha. Rafael akatoa ndoo ya mwisho. Kabla hajaifungua nilimwomba asubiri. Wiki nzima alikuwa amenifundisha sentensi moja ya Kihispania. Nikaenda pale alipokaa Bi Consuelo, karibu na dirisha la jikoni, nikapiga magoti kama ninavyokupigia wewe, nikamshika mikono, nikamwambia, mama, nakuomba unifundishe.

Uso wake ukafunguka. Aliinuka mwenyewe, akachukua aproni, akajifunga, akanikabidhi mwiko. Halafu akaja akasimama kushoto kwangu, mahali ninaposimama mimi siku zote, mikono ameikunja kwa heshima. Rafael alinitafsiria. Bi Consuelo alisema, mama Eulalia, nimesikia umeniita. Nimeosha vyombo vya kutosha. Sasa nakuomba unifundishe.

Ningefanya nini, jamani? Mwiko nilikuwa nao mimi. Mchuzi wao siujui, kwa hiyo nilimfundisha chakula chako. Nilikuwa na ndizi na majani ya mgomba yaliyogandishwa ya duka la Waasia, na maharage niliyoyachemsha kwa ajili ya nyumbani. Nikamwonyesha kupaka mafuta mikononi ili utomvu usimshike, kupanga ndizi na maharage, kufunika kwa jani. Alifuata kama mtoto wa shule, akirudia jina la kila kitu, akicheka akikosea. Rafael aligeukia ukuta. Tulipokwisha kufunika, Bi Consuelo akaniuliza, Rafael akitafsiri, halafu unatia nini?

Nikauweka mwiko chini. Kwa sababu hapo, mama, jani likishafunika, wewe ulikuwa unanituma kisimani. Kila mara. Nilirudi na ndoo, chungu kinanukia kingine kabisa, na sikukuuliza hata siku moja. Ikabidi nimwambie kwamba sijui. Akanipapasa shavu, akasema, si kitu, mama, utakumbuka.

Tuliweka sahani ya mchuzi wa mwisho chini ya picha, na kando yake ndizi zako zisizo na kitu ulichokuwa ukitia. Rafael aliosha ndoo akaipindua ikauke. Jana amebandika karatasi mlangoni kwamba tumefunga. Urbain bado anakuja asubuhi, anakaa, anakunywa kahawa, anaondoka. Hakuna mwenye moyo wa kumwambia asije.

Mama, utanisamehe, leo navunja adabu uliyonipa. Ulikuwa unatia nini nikienda kisimani? Mwambie Damas aandike, au ngoja Theresia aje kwenu Ijumaa umwambie sikioni, au upige kelele kwenye simu mpaka majirani wasikie, sijali. Usiseme utanionyesha nikija. Na kama na wewe miaka yote hiyo ulikuwa unaningoja niulize, basi nimeuliza.

Nisalimie shangazi na majirani wote, na uwaambie walio wadogo kwamba Daisy anawasalimu, ingawa ni mimi ninayesema kwa niaba yake. Rafael anakuinamia. Bi Consuelo hakujui, lakini ndizi zako amezila mbili.

Ni mimi mwanao anayengoja jibu,

Anitha