Habari za Kidonda

Upanga, 3 Agosti 2021

Babu Mwinyimvua,

Shikamoo. Umeamkaje, na kisukari kimetulia? Mimi sijambo, ila nimechoka. Wodi zimejaa wagonjwa wa korona. Ndiyo maana nakukataza kuja.

Tangu nilipokupasua ngiri, naona kliniki ya simu inatufaa. Jana uliponiambia kidonda ni kizuri nilifurahi. Simu yako ilinionyesha kofia na feni ya darini tu, lakini sauti ilikuwa ya mwalimu yuleyule aliyenifundisha insha kwenye baraza ya duka la baba, pale Msimbazi. Nimejaza kwenye faili: kidonda kinaendelea vizuri, mgonjwa ameridhika, daktari ameridhika.

Mjukuu wako,
Jovitha

Kariakoo, 9 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Huku wazima. Wabeba mizigo wanapigiana kelele chini ya dirisha langu kama hakuna ugonjwa duniani, barakoa zimening'inia kidevuni.

Kliniki yako nzuri. Hakuna foleni, hakuna kuvua nguo. Nimeridhika. Alhamisi usinipigie, nitapumzika.

Babu yako

Upanga, 21 Agosti

Babu,

Shikamoo. Safari hii sikuulizi hali, naijua. Nesi Violeth ameniambia uliletwa hujitambui, kidonda kimeoza na sumu imeingia kwenye damu. Mimi nimejifungia chumbani na korona. Amekusafisha daktari mwingine.

Mkuu wangu anataka maelezo: niliandikaje "kinaendelea vizuri" kwa kidonda ambacho sikukiona? Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, bado kuituma tu. Ukipata nguvu, niambie kilianza lini.

Mjukuu wako

Wodini, 24 Agosti

Jovitha mwanangu,

Marahaba. Pole kwa homa. Mimi usiniombee kupona. Niombee nimalize kuandika. Violeth amenishikia simu, ananung'unika kwamba naweka koma nyingi.

Kilianza kutoa usaha kabla hujanipigia. Kilikuwa kinanuka. Ukaniuliza, "Habari za kidonda, Babu?" Nikajibu, "Nzuri." Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kwamba habari hujibiwa nzuri, hata kama nyumba inaungua, shida husemwa baadaye. Wewe ulisikia jibu la mgonjwa. Mimi nilikuwa naitikia salamu.

Lakini hiyo baadaye ilifika, nikanyamaza. Kidonda kiko kinenani, mwanangu. Nimekufundisha kusoma ukiwa huna meno ya mbele. Ningeshushaje msuli mbele yako? Siku ya upasuaji nilikuwa nimelala, na aliyelala haoni aibu. Kwenye simu nilikuwa macho. Niliielekeza juu makusudi.

Na niliposema nimeridhika sikudanganya. Niliridhika kwa sababu hukuniona.

Mpe mkuu wako maneno haya. Ile barua yako ichane. Nimekosea mimi.

Babu yako

Upanga, 30 Agosti

Babu,

Shikamoo.

Walikuzika juzi, nami sijaruhusiwa kutoka. Nilifuatilia kwenye simu. Aliyeishika alinionyesha kofia za watu na mbingu.

Maneno yako sikumpa mkuu. Nilimwandikia: sikukiona, na sikumwambia anionyeshe. Amenikaripia vibaya, akaniacha kazini. Barua nimeichana.

Leo nimeanza tena kliniki, hukuhuku chumbani. Wa kwanza alikuwa mzee wa Kigamboni, amepasuliwa ngiri kama wewe, hataki kuvuka Magogoni kwa kuogopa msongamano wa kivuko. Ile "Habari za kidonda" ilinifika mdomoni, nikaimeza.

"Mzee, mpe mwanao wa kiume simu. Nataka kukiona."

"He! Daktari gani huna hata salamu?"

"Nionyeshe kwanza. Salamu tutapeana nikishaona."

"Mbona hakina neno, kizuri tu!"

"Nionyeshe hicho kizuri."

Alinuna, picha ikatikisika, nikasikia, "Baba, acha hizo, geuka." Kilikuwa chekundu, kimevimba pembeni. Jioni hii kivuko kimemvusha na yuko wodini, kwa Violeth. Amekataa kujaza kwamba ameridhika. Anasema nimemvunjia heshima.

Nilipomaliza naye nilimwamkia, akaniitikia kwa hasira. Kisha nikafungua simu kukuandikia, nimeanza kama kawaida yetu, na sasa nimekaa naitazama ile shikamoo pale juu.

Mjukuu wako,
Jovitha