Taa za Njia ya Mudhaibi

Baba Nasor wangu,

Tumefunzwa kuwa salamu huwafikia waliotangulia, basi pokea zangu. Hapa Ibra hatujambo. Mtende wa nyuma ya jiko umezaa vizuri, paka wako amehamia kwa jirani bila ya kuaga, na mimi nimekaa ukumbini na kahawa yangu, nakuandikia habari ya gari. Najua ungeuliza gari kwanza, kisha watoto, kisha mimi. Sikulaumu, ndivyo ulivyoumbwa.

Unaikumbuka ile fyuzi ya taa za mbele? Utaisahau vipi! Miaka yote ile tukitoka kwenda harusini kwa jamaa zako Mudhaibi, tumeshasali magharibi, mimi nimejipamba nimekaa mbele kama bibi harusi mwenyewe, basi taa za mji zikimalizika tu, pale mkabala na ukuta wa shamba la mitende, na zetu zinazimika. Giza. Wala ulikuwa hushtuki. Gari limeshakaa pembeni, wewe unafungua dashibodi, unatoa tochi na lile kopo la halua ulilolijaza fyuzi.

"Imekwenda na maji nyengine," unasema.

"Na wewe na gari lako mtakwenda wapi?" nakujibu, na chetezo changu cha udi kimo mapajani kinafuka.

Chetezo nacho ulinifungia wewe. Lile tundu la kuwashia sigara lilikufa, na mimi nikalalamika kuwa harufu ninayojifukiza nyumbani inabaki njiani, nafika kwa watu kama niliyetoka kuosha vyombo. Asubuhi ya mkesha wa Idi ukalala chali chini ya usukani, miguu nje, ukapitisha waya chini ya zulia, ukanitolea tundu jipya la kuchomekea chetezo karibu na kiti changu. Chetezo kidogo cha umeme, hakina makaa wala majivu. "Haya, mtoto wa mjini, fukiza mpaka uchoke." Umeme umeutoa wapi sikuuliza. Mimi nilitaka moshi.

Dada yako Bi Thuwaiba alikuwa akisema pahala pale pana wenyewe, tusome kabla ya kupita. Tulisoma. Taa zikazimika vilevile.

Nikwambie ukweli, mimi nilikuwa napapenda. Nyumbani ulikuwa mtu wa "ndio" na "la" na "chai iko wapi". Lakini pale ukishazima mashine ya gari unasema, "Tungoje moto upoe kwanza," na kitu chochote cha moto sikioni, kisha unaanza kuzungumza. Pale ndipo uliponieleza namna mama yako alivyofunga nyumba ya Wete na ufunguo akauvaa shingoni mpaka anakufa hapa Omani. Pale uliniambia kuwa siku ya harusi yetu uliogopa nitacheka Kipemba chako. (Nilicheka, lakini chumbani.) Na pale pale, tukienda harusi ya mtoto wa Bi Thuwaiba, uliniambia daktari amesema nini juu ya moyo wako. Ulisema huku unaipuliza vumbi fyuzi mpya, fyuzi haina vumbi. Kisha ukanambia, "Zima hicho chetezo sasa, unanukia kutosha," ukaitia fyuzi, taa zikawaka, tukenda harusini tukala biriani.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako.

Nilipokuwa edani gari walilitumia watoto. Nasor alikwenda nalo Sur akarudi usiku, Salma akienda nalo Nizwa kila wiki na kurudi isha imeshaadhiniwa. Fyuzi haikufa hata moja. Nasor akasema, "Mama, gari imepona peke yake, alhamdulillahi." Mimi ndani, na nguo zangu za eda, nikaona uchungu. Nilijisemea hata gari limeacha vituko vyake kwa kuwa mwenyewe hayupo.

Eda ikaisha. Harusi ya mwanzo kuitikia ilikuwa huko huko Mudhaibi. Nikaoga, nikafungua kabati langu, nikatoa udi niliopika mwenyewe kabla hujaumwa. Nilikaa kitandani muda mrefu na lile kopo la udi, nikajiuliza kama moyo unakubali. Ukakubali kidogo. Salma akashika usukani, mimi nikachomeka chetezo changu, tukatoka. Tulipofika mkabala na ukuta wa shamba, giza! Na safari hii nyuma yetu kuna lori. Salma alipiga ukelele, akalikata gari pembeni, lori likapita na honi yake. Salma akampigia simu kaka yake pale pale.

Basi Nasor akaja kutoka Maskati na uamuzi wake mkononi. "Khalas, mama. Hii gari inauzwa. Ijumaa baada ya sala mtu anakuja kuichukua."

"Na mimi nitatembea na nini?"

"Ukitaka kwenda pahala unapiga simu, tunakuja kukuchukua. Wallah, mama, mimi silali."

Mwanao ana huruma, lakini huruma yake inafunga mlango. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha, kule kwenye mchanga wa Bidiya ambako hakuna cha kugonga. Mchana najiendea sokoni, najiendea darsani, najiendea makaburini kwako. Nitampigia mtu simu Maskati nimwambie nataka bizari? Nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Nimekupoteza wewe, sasa na mlango wa kutokea?

Nikalipeleka mwenyewe sinaia, kule kwenye magereji, kwa fundi wa umeme. Akabadilisha balbu. Akafuata waya wa taa mmoja mmoja akitafuta uliochubuka ukagusa bati. Akawasha taa ndogo, taa kubwa, akaziacha mpaka tukamaliza chai. Kimya, zinawaka tu. "Gari halina ubovu, mama. Au nitie fyuzi kubwa zaidi?" Nikamwambia hasha. Nilikumbuka maneno yako: fyuzi ni mlinzi, ukimpa mlinzi rushwa nyumba inaungua.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya huyo mnunuzi, nilikaa hapa hapa ukumbini nikawaza. Gari lilikuwa zima nilipokuwa edani. Kwa fundi lilikuwa zima. Kwenye eda ni kitu gani ambacho hakikuwamo garini? Mimi. Sawa, lakini mchana nimo na hakiharibiki kitu. Basi ni kitu gani changu ambacho mwenye eda hakigusi, na asiyekwenda harusini hakibebi?

Nilinyanyuka, kahawa ikamwagika.

"Salma! Njoo uwashe gari!"

"Mama, mimi bado sijavaa vizuri."

"Njoo hivyo hivyo!"

Tukalielekeza kwenye ukuta wa ua. Akawasha taa ndogo, zikawaka. Nikachomeka chetezo, kikapata moto, taa zinawaka. Nikamwambia sasa tia kubwa. Tukangoja kidogo, tk! Ukuta ukawa mweusi. Nikachomoa chetezo, Salma akatia fyuzi nyengine, akawasha kubwa, zikakaa mpaka tukachoka kuzitazama. Tukarudia tena nayo ikafa tena. Salma akanitazama, akasema, "Mama, ni udi wako!" Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye vizingiti. Tundu langu ulilitoa kwenye waya wa taa za mbele. Taa ndogo na chetezo, fyuzi inastahamili. Taa kubwa na chetezo, mzigo unamshinda mlinzi. Na taa kubwa ulikuwa ukizitia wapi? Taa za mji zinapomalizika. Mashetani masikini ya Bi Thuwaiba yamesingiziwa bure.

Fundi akanitolea chetezo waya wake mbali, na fyuzi yake mwenyewe. Hata chai haikuwahi kupoa. "Kazi ndogo hii, mama," alisema. Nasor akampigia simu yule mnunuzi akamwomba radhi, nami nikamsikiliza nikiwa nimeshika ufunguo.

Neno la fundi ndilo lililoniandama mpaka nyumbani. Kazi ndogo. Wewe uliyevuta umeme wa nyumba hii chumba kwa chumba, kazi ndogo ilikushinda? Nikakumbuka na jengine, na hapo ndipo niliposimama katikati ya jiko na kijiko mkononi. Ulikuwa unapunguza mwendo, baba Nasor. Kabla ya taa kuzimika! Unapunguza, unawasha taa ya kugeukia, unaingia pembeni taratibu, ndiyo unatia taa kubwa na unangoja. Mimi nimekaa ubavuni pako miaka yote ile nikidhani ni ustadi wa kuendesha.

Ulikuwa unajua. Kopo zima la fyuzi, mwanamume wewe! Ungeweza kunambia, "Mke wangu, nina neno nataka kukwambia," kama watu. Hukuweza, ukatafuta giza la kusemea. Nililia siku ile, nakiri, lakini kilio chake hakikuwa kama cha edani. Kilikuwa na kicheko ndani yake.

Jana tulikwenda harusi Mudhaibi, mimi na Salma. Huyu mtoto amekurithi wewe, tangu siku ya maziko hajakutaja jina, na nikimuuliza ananijibu "niko sawa, mama" na anaondoka kwenda kupiga pasi. Taa kubwa zinawaka, chetezo kinafuka, tukafika kwenye ukuta wa shamba na hazikuzimika. Tukataka kupapita hivi hivi, kama watu wasiopajua.

Nikamwambia, "Simama hapo."

"Kuna nini, mama? Taa ziko sawa."

"Simama, tungoje moto upoe."

Akaniangalia kama nimeingiwa na wazimu, lakini akasimama. Nikanyoosha mkono nikazizima taa mwenyewe. Nikafungua dashibodi, nikatoa kopo lako, nikawa natafutatafuta fyuzi tusiyoihitaji, simtazami usoni. Udi ulikuwa umejaa garini.

Mara nikamsikia, kwa sauti ndogo, "Mama, mimi kila alfajiri namsikia baba anakohoa, nataka kumpelekea maji."

Nikaendelea kutafuta.

Mola akupe kauli njema na makao mema. Kopo nimelirudisha pahala pake, na fyuzi zimo.

Mkeo anayenukia kutoka Ibra mpaka Mudhaibi,
Mama Nasor